Konokono wamejaa bwawani: je, sato wangu wanawala?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mfugaji mdogo, naishi Rungwe, si mbali na Tukuyu. Nilichimba bwawa la mita 10 kwa 20 bondeni, maji yanatoka kwenye kijito. Niliweka vifaranga 1,000 vya sato. Huu ni mwezi wa nane na wengi bado wako saizi ya kiganja, na nikivuta wavu naona vifaranga vipya vingi sana. Konokono wamejaa kwenye majani ya kingo na kwenye mawe ya mlango wa maji. Jirani yangu anasema nisihangaike kununua chakula, konokono ni nyama na samaki watajilia wenyewe. Amenishauri hata niende Kyela kwenye majaruba ya mpunga nilete magunia mawili ya konokono nimwage bwawani. Watoto wangu ndio wananisaidia kung'oa majani, na majani hayo nampa ng'ombe. Je, ni kweli konokono ni chakula cha samaki? Na nikiweka kambare, watawamaliza?"*

Marahaba, mama. Swali lako ni moja lakini limebeba mambo manne: chakula cha sato, kudumaa kwao, afya ya watoto na afya ya ng'ombe. Naanza na magunia kwa sababu hilo halisubiri. Usilete konokono kutoka Kyela. Kama umeshawaleta, wasiguse maji ya bwawa wala ya kijito. Wachemshe wote, kisha nitakuonyesha pa kuwapeleka. Jirani yako hakukudanganya. Alichosema ni kweli kwa samaki wa aina nyingine, ila si kwa hawa ulio nao.

Kwamba konokono ni nyama, na nyama nzuri yenye protini, hilo halina ubishi. Tatizo ni gamba. Samaki hana mikono wala jiwe la kupondea, kwa hiyo anayeishi kwa konokono lazima awe na kinu chake mwenyewe. Samaki wengi wa jamii ya sato na perege wana taya za pili ndani kabisa ya koo, mbali na zile unazoziona mdomoni. Kwa samaki mla konokono, taya hizo za kooni ni nene, zimeshikwa na misuli mikubwa, na meno yake ni bapa kama magego. Anamdaka konokono, anamsogeza kooni, anamponda, anatema vipande vya gamba na kumeza nyama.

Sato hakuumbwa hivyo. Meno yake ya kooni ni membamba na yamesongamana, yanafaa kukusanya na kusaga vitu vidogo laini: mwani unaoelea na kuyafanya maji yawe ya kijani, utelezi ulioota kwenye mawe na mabua, mabaki ya majani yaliyooza, wadudu wadogo wa majini. Nguvu yake kubwa iko tumboni. Asidi ya tumbo la sato ni kali sana, pH yake hushuka hata chini ya 2, na ndiyo inayovunja kuta za mwani ambazo samaki wengine hawaziwezi. Akiwa anakwangua utelezi kwenye jani anaweza kumeza mayai ya konokono au konokono wachanga waliototolewa juzi, ambao gamba lao bado ni laini. Basi. Konokono aliyekomaa, mwenye ukubwa wa punje ya harage, kwake ni kama kokoto. Ndiyo maana unawaona wamejaa kwenye bwawa lenye samaki elfu moja. Wangekuwa chakula chao, ungehangaika kumpata hata mmoja.

Walaji halisi wa konokono wapo, na kundi maarufu kati yao liko karibu nawe, chini kule Ziwa Nyasa. Mmoja anaitwa kitaalamu Trematocranus placodon, na ana magego ya kooni kama nilivyoeleza. Upande wa Malawi, eneo la Cape Maclear, watafiti waliona kwamba samaki wala konokono walipopungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, konokono wanaobeba kichocho waliongezeka karibu na fukwe na watu wengi zaidi wakaugua. Kwa hiyo wazo la samaki kupunguza konokono lina ukweli mkubwa ndani yake, lakini katika ziwa na kwa samaki wenyewe wa kazi hiyo.

Bwawani mambo hubadilika. Yuko samaki wa Ziwa Victoria anayeitwa Astatoreochromis alluaudi, mpondaji hodari wa konokono, ambaye alijaribiwa Kenya na Kameruni akitarajiwa kupunguza kichocho. Matokeo ya Kameruni hayakuwa mazuri, na sababu yake inamhusu kila mwenye bwawa. Taya za samaki huyu hukua kwa kazi. Akilelewa kwa chakula laini, taya za kooni hubaki dhaifu, na hata ukimwekea konokono baadaye huwaacha na kutafuta kilicho rahisi. Ikiwa mponda konokono wa kuzaliwa anafanya hivyo, sato anayerushiwa pumba kila asubuhi tumdai nini?

Sasa kambare. Kambare hula karibu kila kitu, na konokono wadogo humo. Katika matangi ya majaribio, mahali ambapo hakuna kingine cha kula, kambare wamewapunguza konokono wa kichocho. Lakini kambare humeza, hapondi. Wale wadogo atawachukua, wakubwa atawaacha. Na bwawani mwako kuna chakula kitamu zaidi na kisicho na gamba, yaani wale vifaranga wa sato wanaojaa kila uvutapo wavu. Nakushauri uweke kambare, ila kwa ajili ya vifaranga hao, nitalirudia hilo. Ukimweka ukitegemea afagie konokono, utavunjika moyo.

Usishawishike pia na mtu atakayekuambia kuna samaki wa nje wa kuagiza kwa kazi hii. Marekani waliingiza samaki aitwaye kapu mweusi (black carp) kutoka Asia, mla konokono hasa, ili asafishe mabwawa ya kambare wao. Alitoroka, na leo anazaliana katika mto Mississippi, ambako anatishia konokono na kombe wa asili. Kijito chako kinaishia Ziwa Nyasa, kama vijito vyote vya upande huo wa Rungwe, na ziwa hilo lina samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Hata sato mwenyewe si mwenyeji wa bonde la Nyasa, kwa hiyo weka wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, hasa masika. Hilo nakuomba kwa moyo wote.

Kama konokono haliwi, basi anafanya nini humo? Anakula. Anakwangua utelezi uleule ambao sato angeukwangua, na anamalizia pumba zilizozama bila kuliwa. Wingi wake unakupa habari mbili: kingo zako zina majani mengi na maji mafupi, na sehemu ya chakula unachorusha inapotea chini. Konokono wachache hawana neno, hata husaidia kumaliza majani yaliyokufa. Wakishajaa, wanakula kwenye sahani ya samaki wako, na wanafungua mlango wa minyoo.

Minyoo hiyo ni bapa, ya aina nyingi, na karibu yote ina tabia moja: haiwezi kumaliza maisha yake bila kupita ndani ya konokono. Nitataja mitatu inayokuhusu.

Wa kwanza ni wa samaki. Yangeyange, korongo au mnandi mwenye minyoo anakuja bwawani, mayai ya minyoo yanaingia majini na kinyesi chake. Lava, yaani minyoo wachanga waliototolewa, wanaingia kwa konokono, wanaongezeka humo kwa wingi, wanatoka na kupenya ngozi ya samaki, halafu wanangoja ndege mwingine aje amle samaki huyo. Ukipasua sato ukakuta vijifuko vya manjano karibu na matamvua au ndani ya nyama, vyenye mnyoo mnene anayejikunjakunja, ndio hao. Wengine huingia machoni na samaki akawa na ukungu kwenye jicho. Samaki wachache wakipata minyoo michache hawafi, lakini hukua taratibu na mnunuzi akiwaona huwakataa. Kila gunia la konokono unaloongeza linaipa minyoo hiyo nyumba mpya.

Wa pili ni kichocho, na hapa naomba unisikilize kama mzazi. Konokono hazaliwi na kichocho. Anakipata pale mkojo au kinyesi cha mtu mwenye kichocho kinapoingia majini. Kijidudu kimoja kikimwingia konokono, baada ya wiki kadhaa konokono huyo anaanza kutoa lava maelfu kwa maelfu, na lava hao hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hakiambukizwi kwa kula samaki; hilo watu hulichanganya, nawe uwatoe hofu wateja wako. Kinaambukizwa kwa miguu na mikono iliyo majini, yaani kwa kazi hasa wanayoifanya watoto wako.

Ubaridi wa Tukuyu unakusaidia kiasi, kwa kuwa vimelea hivi hukua polepole ndani ya konokono kwenye maji baridi. Kyela ni joto, iko bondeni karibu na usawa wa ziwa, meta mia tano tu hivi kutoka usawa wa bahari, na kwenye majaruba watu wengi huingia majini kila siku. Kubeba magunia kutoka huko ni kupandisha hatari mlimani kwa mikono yako. Tena konokono wa kichocho ana jinsia zote mbili. Mmoja peke yake, akiponyoka kwenye gunia, anaweza kutaga mayai yanayototoa bila mwenzake. Lipo pia jambo jipya la kuliogopa: mwaka 2020 huko Mwea, Kenya, iliripotiwa aina ya konokono mkubwa kutoka Amerika ya Kusini anayekula miche ya mpunga. Kuhamisha konokono kutoka jaruba moja kwenda maji mengine ndiyo njia rahisi ya kumsambaza mdudu kama huyo kabla hata hajatambuliwa.

Je, utawajuaje konokono wa kichocho? Chukua mmoja kwa glovu au kwa kijiko, msimamishe ncha ya gamba ikiwa juu na mlango wa gamba ukikutazama. Mlango ukiwa upande wako wa kushoto, gamba likiwa dogo na jembamba, huenda ni Bulinus, anayebeba kichocho cha kibofu. Gamba likiwa bapa, limejiviringa kama kamba iliyokunjwa chini, huenda ni Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo. Mlango ukiwa kulia, mpana, gamba laini linalopasuka kwa kidole, ni jamii ya Lymnaea, ambaye nitamtaja sasa hivi. Mrefu mwenye ncha kama parafujo, gumu, anayejichimbia matopeni, kwa kawaida huyo si wa kukutisha. Hii ni namna ya kukisia tu. Konokono wasio na madhara hufanana na hao, na kwa jicho hutajua kama ameambukizwa. Kwa hiyo chukulia kwamba wote wana hatari: asiyevaa mabuti marefu ya mpira na glovu asiingie bwawani, na watoto wakae nje. Lava hutoka zaidi jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana, kwa hiyo kazi ya majini ifanywe mapema asubuhi. Choo kiwe mbali na kijito, upande wa chini. Na usiweke kinyesi cha binadamu bwawani kama mbolea, hata mtu akikusifia namna gani.

Wa tatu ni wa ng'ombe, na huyu wengi hamumdhanii. Lymnaea hubeba mnyoo bapa wa ini, yule anayefanya ini la ng'ombe litupwe machinjioni. Lava wake hawapenyi ngozi. Hutoka majini wakajibandika kwenye majani ya kingo na kujifunika ganda, wakingoja kuliwa. Mama, wewe unayakata majani hayo na kuyapeleka zizini. Nyanda zetu za juu, pamoja na ubaridi wake, hazina kinga: aina moja ya mnyoo huyu hupenda maeneo ya joto, na nyingine inaishi hata kwenye miinuko ya baridi kama Kitulo. Acha kumpa ng'ombe majani ya bwawani kuanzia leo. Yatupe kwenye shimo la mboji.

Baada ya hayo yote, narudi upande wa jirani yako, kwa sababu konokono uliowatoa wanaweza kuwa chakula kweli, ila kwanza wapite jikoni. Wakusanye kwa glovu au kwa chujio. Wachemshe, maji yakichemka kweli kwa robo saa, hapo vimelea vyote vimekufa. Wakubwa watoe kwenye gamba kwa msumari au mwiba. Wadogo waponde, mimina maji, gamba litazama na nyama utaichota. Ianike hadi ikauke kabisa, isage, uichanganye na pumba. Usiwaponde wakiwa wabichi, majimaji yakakurukia mikononi, na usiwarushe wabichi bwawani.

Lakini tufanye hesabu kabla hujajitwisha kazi. Ndoo ya kilo 10 ya konokono, ukitoa magamba na maji yaliyomo, inakupa nyama mbichi labda kilo 3. Nyama hiyo kwa sehemu kubwa ni maji. Ikikauka itabaki kama gramu 600. Protini yake inakaribia ile ya usipa mkavu, kwa hiyo ndoo nzima, pamoja na kuni na jasho, imekuokolea kama nusu kilo ya usipa. Samaki wako, nikikadiria mia tano wamebaki na kila mmoja ana gramu 50, wanahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Kama konokono unawatoa hata hivyo ili kusafisha bwawa, watumie, usitupe. Ila kuwafanya msingi wa chakula hakulipi.

Mchanganyiko mzuri kwa vitu vinavyopatikana kwenu ni huu: katika kilo 10, weka pumba za mahindi kilo 4, mashudu ya alizeti kilo 3, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 2, na usipa wa kusaga kilo 1. Hapo protini ni kama robo ya uzito wote, inayotosha kwa sato wa saizi hiyo kwenye bwawa lenye maji ya kijani. Unga wa konokono unaweza kushika nafasi ya nusu ya usipa. Kanda na uji kidogo, tengeneza vidonge, uanike. Rusha mahali pamoja, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri maji yakiwa yamepata joto, na uache mara samaki wanapopunguza kasi ya kula. Hicho kisichozama bure, konokono hatakipata.

Kupunguza konokono waliopo, dawa ya kwanza ni panga. Konokono hutaka majani, kivuli na maji mafupi. Fyeka kingo, chimba pembeni ziwe na kina cha sentimita 60 au zaidi, toa magugu yanayoelea. Nchini Senegali watafiti waliondoa majani ya majini kwenye sehemu ambazo watu huteka maji, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 walionyesha kwamba konokono walipungua na maambukizi ya kichocho kwa watoto nayo yakashuka. Wao waliyageuza majani hayo kuwa mboji na chakula cha mifugo. Kwako, kwa sababu ya ng'ombe, yabaki kuwa mboji. Angalia chini ya majani kuna utelezi wenye vidoa kama vijiyai vya mlenda. Hayo ndiyo mayai yao, yatoe juani.

Kisha tega. Funga mafungu ya majani laini, ya mpapai, maboga au kabichi, yaache majini usiku kucha, asubuhi yavute yakiwa yamejaa konokono. Ukirudia mara mbili kwa wiki utaona tofauti. Weka chujio la wavu mdogo kwenye mlango wa maji, la sivyo kijito kitakuletea wengine. Na fikiria bata. Bata hula konokono kwa hamu, na kinyesi chao kinarutubisha maji. Wachache tu, watano au sita kwa bwawa lako, maana wakizidi wanachafua na kubomoa kingo, na vifaranga vidogo vya samaki wanavila.

Usimwage mrututu. Najua unauzwa madukani na unaua konokono kweli, lakini maji ya milimani kama yenu ni laini, yana madini machache ya chokaa, na katika maji ya namna hiyo kiasi kinachoua konokono hakiko mbali na kinachoua samaki. Utupa nao ni hivyohivyo, samaki watatangulia kufa, achilia mbali kwamba sumu ikiteremka kijitoni umewadhuru wa chini yako.

Wakati wa kuwamaliza hasa ni ukishavuna. Toa maji yote, acha tope likauke mpaka lipasuke. Usitegemee jua peke yake; Bulinus anaweza kujifukia na kungoja mvua. Nyunyiza chokaa ya kuchoma ambayo haijazimwa kwa maji, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, yaani kilo 20 hadi 30 kwa bwawa lako, hasa kwenye madimbwi yaliyobaki. Funika macho, pua na ngozi, inaunguza. Ngoja wiki mbili, suuza, ndipo ujaze.

Sasa kudumaa, ambako ndiko kulikokuleta kwangu. Konokono wana sehemu ndogo sana katika hilo. Ulipanda samaki watano kwa kila mita ya mraba, na bwawa la kwenu lisilo na chakula cha kutosha hubeba wawili au watatu. Walikuwa wa jike na dume mchanganyiko, wakaanza kuzaa wakiwa wadogo, na sasa wazazi na watoto wanagombania chakula kilekile. Juu ya hayo kuna baridi. Sato hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30; yakishuka chini ya 20 hukua kwa kujikongoja, na yakikaribia 16 huacha kula. Juni hadi Agosti maji yako yanafika huko, hasa ukiyaacha ya kijito yapite mfululizo. Punguza yanayoingia, yafidie tu yanayovuja, ili bwawa lipate kushika joto. Mfugaji wa Kyela atavuna kabla yako hata mkilisha sawa, usijipime naye.

Kwa hiyo vuna wakubwa kidogo kidogo ule na kuuza, toa vifaranga kwa wavu kadiri uwezavyo, na hapo ndipo uweke kambare, mmoja kwa kila sato kumi hivi, wakiwa wadogo kuliko sato waliomo ili wasiwale wazazi. Mara ijayo tafuta vifaranga madume watupu kutoka kituo kinachoaminika. Kile cha serikali cha Ruhila, Songea, kiko kwenye nyanda zetu.

Mambo haya usiyamalize kwa kusoma jibu langu. Watoto wote walioingia bwawani, na wewe mwenyewe, nendeni kituo cha afya mkapime mkojo na choo, hata kama hakuna anayelalamika. Akiwepo mwenye damu kwenye mkojo au kinyesi, au tumbo lisilotulia, nendeni wiki hii. Dawa yake, prazikwanteli, inafanya kazi vizuri, ila kipimo chake hupangwa na mhudumu kwa uzito au urefu wa mtu. Mwite daktari wa mifugo amtazame ng'ombe kama anakonda, maziwa yanapungua au ana uvimbe laini chini ya taya. Kwa samaki, mwite afisa uvuvi wa halmashauri aje bwawani. Mwandalie sato watano walio hai kwenye ndoo yenye maji ya bwawa, pamoja na konokono wa kila umbo ndani ya chupa iliyofungwa, umwambie joto la maji ulilopima asubuhi na alasiri kwa siku tatu. Akiona vijifuko vya manjano au macho yenye ukungu, mwombe akuunganishe na TAFIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi, kituo cha Kyela, na hao sato wapelekwe wakiwa hai, kwa sababu samaki aliyelala siku nzima juani hafai kuchunguzwa.